Slivu au baipasi: kama una sukari usichague kwa kuangalia kilo peke yake

Wengi wanaouliza kuhusu operesheni ya kupunguza uzito swali la kwanza ni "nitapungua kilo ngapi?", na wana haki ya kuuliza, ila kama unaishi na kisukari aina ya pili naomba hilo liwe swali la pili. La kwanza ni sukari yako ina umri gani na kongosho lako, kile kiungo kinachotengeneza insulini, bado lina nguvu kiasi gani. Manake hizi operesheni mbili zinazofanywa zaidi duniani, slivu na baipasi, kwenye kilo hazijaachana sana, lakini kwenye sukari kuna watu wanaona tofauti kubwa mno na kuna wengine hawaoni tofauti yoyote, na ukijua uko kundi gani utachagua vizuri kuliko kuangalia picha za kabla na baada kwenye simu.

Nitakaa zaidi kwenye hizo mbili, alafu nitagusa sindano za kupunguza uzito, puto la tumboni na njia ya chakula tu, kwa sababu kuna ambao jibu lao liko huko na hawana haja ya kukatwa.

Kinachofanyika tumboni

Slivu, daktari anakata mfuko wa chakula kwa urefu na karibu asilimia 75 hadi 80 inatolewa nje, hairudi tena, kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Utumbo hauguswi kabisa. Ile sehemu inayotolewa ndo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa, kwahiyo sio tu kwamba sahani inakuwa ndogo, hata hamu yenyewe ya kula inapoa, angalau kwa mwaka wa kwanza na kitu.

Baipasi ni kazi zaidi. Anatenga kifuko kidogo juu, kama mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, anakiunganisha na utumbo mdogo kule chini, chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Mfuko wa zamani hautolewi, unabaki humo humo ndani ila chakula hakipiti tena. Sasa chakula kikifika mapema kule chini utumbo unamwaga homoni nyingi ikiwemo GLP-1, ndo hiyo hiyo ambayo sindano kama Ozempic zinaiiga, na kongosho linaamka. Ndo sababu kuna watu sukari yao inashuka ndani ya siku chache tu, kabla hata nguo hazijaanza kulegea. Hili halijagunduliwa jana, Walter Pories, daktari wa upasuaji wa North Carolina kule Marekani, aliandika na wenzake mwaka 1995 kwamba wagonjwa wao wengi wenye kisukari waliofanyiwa baipasi walikaa miaka na sukari ya kawaida, na kabla ya hapo watu waliamini sukari ikishaingia ni kuongeza dawa tu mpaka mwisho.

Zote mbili siku hizi zinafanywa kwa matundu madogo na mara nyingi unalala hospitali siku mbili tatu.

Namba, na jinsi ya kuzisoma

Kwanza tuelewane, madaktari wakisema sukari imetulia wanamaanisha HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, iko chini ya asilimia 6.5 na una angalau miezi mitatu hujagusa dawa yoyote ya sukari. Inaweza kurudi. Ndo maana hata ukitulia unaendelea kupimwa kila mwaka, macho, figo na miguu, usimruhusu mtu akwambie umemalizana nayo.

Utafiti uliofanyika Cleveland Clinic kule Marekani ulichukua watu 150 wenye sukari iliyowasumbua kwa wastani wa miaka 8 hivi, HbA1c zao ziko 9 na kitu, wakagawanywa makundi matatu: dawa peke yake, dawa na slivu, dawa na baipasi. Lengo waliloweka lilikuwa gumu, HbA1c ya 6 au chini yake. Baada ya miaka 5 waliofikia ni asilimia 5 ya wale wa dawa tu, asilimia 23 ya slivu na asilimia 29 ya baipasi. Soma hapo vizuri. Operesheni imeshinda dawa mbali sana, ila slivu na baipasi zimekaribiana, na pia wengi hata waliokatwa hawakufika kwenye lile lengo, walibaki na dawa kidogo lakini sukari iko sawa zaidi kuliko zamani, na hiyo nayo ni faida kubwa kwa mtu ambaye figo zimeanza kulalamika.

Kule Norway wakachukua watu 109 wote wana kisukari aina ya pili, wakalinganisha moja kwa moja. Baada ya mwaka mmoja waliotulia ni asilimia 74 kwa baipasi na 48 kwa slivu. Hapo pengo ni kubwa. Alafu Finland walifuatilia watu 240 kwa miaka 10, sio wote wenye sukari, na kwa wale wenye sukari waliobaki wametulia ni 33 kati ya mia kwa baipasi na 26 kwa slivu, yaani pengo limepungua na wote wameshuka. Ukiangalia mwaka mmoja tu utadanganyika, ukiangalia miaka 10 tu utakata tamaa bure, angalia vyote.

Lakini kitu ninachokipenda zaidi, na ambacho naona hakisemwi huku kwetu, ni hesabu ambayo madaktari wa Cleveland waliitoa mwaka 2017. Waliangalia mambo manne: sukari ina miaka mingapi, unatumia aina ngapi za dawa, kama uko kwenye insulini, na HbA1c iko chini ya 7 au imepita. Wakapata makundi matatu. Wenye sukari nyepesi, changa, dawa moja, waliotulia kwa miaka 5 au zaidi walikuwa asilimia 92 kwa baipasi na 74 kwa slivu. Wale wa katikati ikawa 60 kwa baipasi na 25 tu kwa slivu. Na wale wenye sukari nzito, ya miaka mingi, insulini juu ya vidonge na HbA1c iko juu, ikawa 12 kwa 12.

Rudia kusoma hiyo ya mwisho. Kwa mtu mwenye sukari nzito baipasi haikumwongezea kitu upande wa kutulia, wakati hatari na usumbufu wake ni zaidi, kwahiyo slivu kwake ina mantiki. Na yule wa katikati, labda miaka 6, vidonge aina mbili tatu, ndo anayepoteza zaidi akichagua slivu kwa sababu tu jirani yake alifanya slivu akapendeza. Na yule mwenye sukari ya mwaka mmoja miwili anayesubiri "mpaka iwe mbaya ndo nikatwe", jamani, ndo anautupa muda wake mzuri kuliko wote. Kongosho likishachoka hakuna operesheni inayolirudisha.

Kiungulia kinaweza kukuamulia kila kitu

Kama wewe ni mtu wa kiungulia, unalalia mito miwili, unaamka usiku asidi iko kooni, slivu inaweza kukutesa. Lile bomba ni jembamba na presha ndani yake ni kubwa, asidi inapanda juu. Kwenye ule utafiti wa Finland, baada ya miaka 10 waliopimwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni wakakutwa koo la chakula lina uvimbe wa asidi walikuwa asilimia 31 kwa slivu na 7 kwa baipasi. Baipasi kinyume chake mara nyingi inatibu kiungulia. Kwahiyo ukienda kwa daktari akakupangia slivu bila kukuuliza habari ya kiungulia na bila kukupima kwa kamera kwanza, simama hapo uulize. Hiyo kamera pia inaangalia bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao huku kwetu wako kwa watu wengi sana, wanatibiwa kwanza ndo unakatwa. Na kwa baipasi ni muhimu zaidi manake ule mfuko wa zamani baada ya hapo kamera ya kawaida haiufikii kirahisi.

Upande mgumu wa baipasi

Vitamini. Na sio mwaka mmoja, ni maisha yako yote. Madini ya chuma, B12, kalsiamu, vitamini D, na multivitamini kila siku. Slivu pia inataka vitamini, asikudanganye mtu, ila ukizembea kwenye baipasi unalipa haraka zaidi, damu inaisha, ganzi miguuni inaanza na wewe utafikiri ni ganzi ya sukari kumbe ni B12. Na kama unameza metformini tayari B12 yako ilikuwa inashuka hata kabla ya kukatwa. Piga hesabu ya vidonge hivyo kwa mwezi, zidisha kwa miaka, alafu ndo uongee bei ya operesheni.

Dawa za maumivu. Ukishafanya baipasi diklofenaki, ibuprofeni na aspirini za kujinunulia ni za kuogopa, zinaleta kidonda pale kwenye mshono na kinaweza kutoboka. Sigara vilevile. Sasa fikiria mama wa miaka 55 mwenye magoti yanayomuuma ambaye diklo ndo inamsimamisha asubuhi, huyo kabla ya kuchagua baipasi aongee na daktari magoti yatatibiwa na nini. Kupungua uzito kutayasaidia lakini sio siku ya kwanza.

Kuna ile hali ya chakula cha sukari kukimbilia kwenye utumbo ghafla. Unakunywa soda au chai yenye sukari ya kutosha, au kaimati mbili tatu, dakika chache tumbo linasokota, jasho, moyo unaenda mbio, unataka kulala chini. Wengine wanasema hiyo imewasaidia kuachana na soda na nawaelewa. Ila kuna nyingine ya kuwa makini nayo zaidi, saa moja hadi tatu baada ya kula sukari inashuka chini sana, na inaweza kuanza hata mwaka mmoja au zaidi baada ya operesheni wakati umeshasahau mambo ya kushuka. Kipima sukari usikigawe.

Na mara chache utumbo unaweza kujipenyeza na kujinyonga ndani, hata baada ya miaka. Maumivu makali ya tumbo yanayokuja na kuondoka kwa mtu wa baipasi sio gesi mpaka daktari wa upasuaji aseme ni gesi.

Kwa zote mbili, mshono unaweza kuvuja siku za mwanzo. Ni wachache, ila ni dharura, dalili ni homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto. Vifo kwenye vituo vyenye uzoefu ni chini ya watu watatu kati ya elfu. Mawe kwenye nyongo yanatokea sana ukipungua haraka. Dada ambaye bado anataka kuzaa asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ajipange na uzazi wa mpango mapema kwa sababu uzito ukishuka mimba inashika kirahisi kuliko zamani, vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi sio vya kutegemea.

Kutapika mfululizo siku kadhaa, hii naisema kwa herufi kubwa moyoni: nenda hospitali uwaambie nilifanyiwa operesheni ya tumbo nahitaji vitamini B1 kabla hamjaniwekea dripu ya glukosi. B1 ikiisha inaharibu ubongo, na sio kila zamu ya usiku itakumbuka.

Mini baipasi

Utaisikia sana ukiulizia hospitali za India. Kifuko kinakuwa kirefu na muunganiko ni mmoja badala ya miwili, operesheni ni fupi, sukari inashuka vizuri na uzito pia. Ila nyongo inaweza kupanda kwenye kifuko, na utafiti wa Ufaransa ulionyesha kuhara na upungufu wa lishe ni zaidi ya baipasi ya kawaida. Mimi kwa mtu anayeishi mbali na hospitali kubwa nisingeianza hii.

Sindano, puto, na chakula

Sindano za semaglutidi (ndo dawa iliyomo kwenye Ozempic) na tirzepatidi zimebadilisha mazungumzo, lazima tukubali. Ila kuna kitu hakisemwi, watu wenye kisukari wanapungua kidogo kuliko wasio nacho. Semaglutidi ya kipimo kikubwa kwa wenye sukari ilitoa karibu asilimia 10 ya uzito, tirzepatidi kama 15 kwa dozi ya juu. Kwenye ule utafiti wa Cleveland wa watu 150, baada ya miaka 5 baipasi ilikuwa imeshusha asilimia 23 na slivu 19. Na sindano ukiacha uzito unarudi, waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walirudisha karibu theluthi mbili ya walichopunguza. Kwahiyo swali ni kama unaweza kuinunua mwezi baada ya mwezi miaka yote, na friji yenye umeme wa uhakika. Kama unaweza, na BMI yako (uzito ukilinganishwa na urefu, hesabu yake iko chini) haijafika mbali, kujaribu sindano kwanza ni uamuzi wa busara. Kama ni ya kuchangishwa na ndugu miezi mitatu alafu basi, hapana.

Puto linawekwa ndani ya mfuko wa chakula kwa kamera bila kukata, linakaa kama miezi 6 au mwaka kutegemea aina, linatolewa. Kwa sukari sio tiba ya kulinganisha na hizi, baada ya kutolewa wengi uzito unarudi. Naliona lina kazi kwa mtu mzito sana anayetakiwa kupungua kwanza ndo akatwe kwa usalama.

Na chakula. Utafiti wa Uingereza ulichukua watu wenye sukari isiyozidi miaka 6 na wasiotumia insulini, wakawapa supu na vinywaji maalum vya kama kalori 850 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, wakisimamiwa. Mwaka mmoja baadaye 46 kati ya mia walikuwa wametulia, miaka miwili 36. Kwahiyo kama sukari yako ni changa na una kilo 15 za kupunguza, mtafute daktari na mtaalamu wa lishe mjaribu hii kwanza. Usijaribu mwenyewe kama unameza glibenklamidi au unachoma insulini, utashuka uanguke jikoni.

Nani anafaa, na wapi

BMI ni uzito gawanya kwa urefu mara urefu. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 98 ana 36. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unasema kuanzia 35 operesheni inapendekezwa hata kama huna ugonjwa mwingine, na kama una kisukari aina ya pili ni kuanzia 30. Kuna hospitali na bima bado zinatumia mipaka ya zamani, kwahiyo ukiambiwa haufai uliza wanatumia mwongozo wa mwaka gani.

Dar es Salaam, Muhimbili Mloganzila wamekuwa wakitoa puto na upasuaji wa kupunguza uzito, Nairobi kuna hospitali kadhaa kubwa zinazofanya, na wengi wanapanda ndege kwenda India. Sina tatizo na India, kuna madaktari wamefanya maelfu. Tatizo langu ni unaporudi. Kabla ya kukata tiketi mpate daktari wa huku atakayekubali kukufuatilia, umwambie utamletea ripoti gani, na uchague operesheni ambayo hospitali ya karibu na kwako inaweza kushughulika nayo ukizidiwa saa nane usiku. Kwa mtu wa Songea au Lodwar hilo peke yake linaweza kumsogeza kwenye slivu, na sioni aibu yoyote hapo.

Chakula baadae kwa zote ni protini kwanza, mayai, samaki, dagaa, maharage yaliyopondwa, maziwa, ufikishe kama gramu 60 kwa siku. Ugali mgumu, wali mkavu na mkate laini vinakwama, sio kwa kila mtu ila kwa wengi, mwambieni mapema anayepika nyumbani asije akadhani umekataa chakula chake. Mfungo wa Ramadhani, wengi wanashauriwa wasubiri angalau mwaka mmoja kwa sababu ya maji, muulize daktari na muulize shehe wako, ruhusa ya mgonjwa ipo.

Ukifika kwa daktari wa upasuaji

Omba upimwe C-peptidi, inaonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani, na kuna watu waliandikiwa aina ya pili kumbe wana aina nyingine inayoanza ukubwani, hao operesheni haitawatoa kwenye insulini na kuwatoa kwa nguvu ni hatari. Omba macho yaangaliwe kwanza, sukari ikishuka ghafla jicho ambalo lilishaanza kuharibika linaweza kuchafuka zaidi kwa muda. Kama unameza vidonge vya sukari vya empagliflozini au dapagliflozini mwambie, zinatakiwa kusimamishwa siku tatu nne kabla, la sivyo damu inaweza kujaa asidi hata kipima sukari kikionyesha namba nzuri.

Alafu muulize swali moja akujibu kwa jina la mtu: siku natoka hospitali, nani atanipunguzia insulini na vidonge, na nampigia namba gani nikishuka usiku? Siku zile za kwanza dozi ya zamani inaweza kukuua kwa kushusha, kwa sababu mwili umebadilika na karatasi ya dawa haijabadilika. Kama jibu ni "endelea na dawa zako utarudi baada ya mwezi", usisaini hiyo fomu.